Sauti ya Mzee Shaame na Habari ya Shumba

Vijana wa kituo chetu cha redio mmenishikilia niandike namna nilivyofanya kazi, na mimi nimekaa nikitafuta kisingizio mpaka nimekikosa. Zamani ningesema nina kipindi cha kuandaa. Sasa sina kipindi. Nina kuku na mche mmoja wa mdalasini nyuma ya nyumba hapa Wawi, na havinihitaji sana. Basi kaeni mnisome. Ya vyeo na mishahara sitaandika, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika kuhusu kipindi cha Kheri za Mitaani, ambacho mmekirithi mkidhani kilizaliwa kama kilivyo, na kuhusu Mzee Shaame, ambaye wengi wenu hamkumkuta kazini.

Nilipoingia kituoni, redio yetu ilijulikana kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni matangazo ya vifo. Ukifika wakati wake, mwenye kukuna nazi huacha kukuna, mwenye kugombana huahirisha ugomvi, na watoto hunyamazishwa. Msomaji alikuwa Mzee Shaame. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, yenye kutulia hata pale ambapo karatasi aliyopewa haikutulia. Alisoma jina la marehemu, la baba yake na la babu yake, akataja mtaa na wakati wa maziko, kisha akarudia yote tangu mwanzo kwa mwendo uleule. Mimi kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuwapokea jamaa wanaoleta matangazo, kuwapa maji ya kunywa, na kuhakikisha majina yameandikwa yakasomeka. Siku ya kwanza nilimpelekea karatasi yenye jina lililofutika nusu. Hakunigombeza. Alitoka mwenyewe, akamfuata yule jamaa mpaka kwenye kituo cha gari, akamuuliza jina, akarudi anahema.

"Bi Zuwena," akaniambia, "huyu hatosomwa tena. Na asomwe sawasawa."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopata katika kazi hii, na mpaka leo sijapata lililolipita.

Baada ya muda wasikilizaji wakaanza kulalamika kwamba redio yetu ni ya maiti tu. Mkuu wetu wa kituo wakati huo, Bwana Hamad, alikuwa mtu wa mawazo mengi, na mengi yake yalikuwa mazuri. Akaamua tuwe na kipindi cha habari njema kila Alhamisi alasiri, watu wasikie nani kapona, wapi pamefika maji, skuli gani imefaulisha. Jina akalitoa palepale: Kheri za Mitaani. Akauliza kisomwe na nani. Tukasema kisomwe na msomaji bora. Msomaji bora ni nani? Sote tukamtazama Mzee Shaame. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro, na kikao kilikuwa na watu waliosoma.

Habari ya kwanza kabisa ilikuwa ya Bi Time wa Konde. Mama huyu alikuwa haoni kwa miaka kadhaa kwa ajili ya mtoto wa jicho, akapelekwa hospitali, akafanyiwa operesheni, na sasa anatia uzi kwenye sindano bila ya kusaidiwa. Mzee Shaame alijiandaa. Alikunywa maji ya tangawizi, akavaa kofia mpya, akaingia studio na kusoma kwa furaha yake yote: "Bi Time binti Juma, wa Konde, karibu na soko…"

Nyie mnajua watu wetu. Mtu akisikia jina la ndugu yake kwa sauti ile, hasikii linalofuata. Huku Wawi jirani yangu, ambaye ni mtoto wa dada yake Bi Time, alipiga ukelele mpaka mbuzi wakakata kamba. Wanawake wakavaa mabuibui. Gari likakodiwa. Chake nako wakatoka, Wete wakatoka. Wanaume wa mitaa ya karibu na Konde, ambao ndio hutangulia kuchimba kaburi, wakatoka na majembe na koleo.

Bi Time alikuwa uani kwake, anapepeta mchele, anafurahia kuziona chuya kwa macho yake mwenyewe. Akaona wanaume wanakuja kwa safu na majembe. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akawatokea.

"Kafa nani?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Yeye akadhani ni msiba mkubwa sana, basi akaanza kulia pamoja nao. Ilichukua muda mpaka mmoja wao akapata ujasiri wa kumwambia kwamba wamekuja kumzika yeye. Mchele wa matanga ulikuwa umeshafika, sukari imefika, kwa hiyo ukapikwa hivyohivyo, watu wakala, na Bi Time mwenyewe ndiye aliyepakua. Nasikia hata leo Konde wanaitaja karamu ile.

Kesho yake mimi na Mzee Shaame tulikwenda kuomba radhi. Bi Time alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, mie sikulaumu," akamwambia. "Lakini sauti yako hino, hata ukimkaribisha ntu chai, atavua kofia." Mzee Shaame naye akacheka. Lakini tukiwa njiani kurudi, karibu na Wawi, ndipo aliposema lililomkaa moyoni.

Akanieleza kwamba akimpigia mtu simu, hata iwe ni kuulizia bei ya dagaa, yule wa upande wa pili haitikii salamu. Huuliza kwanza, "Kafa nani?" Mjukuu wake wa kike alipozaliwa, aliwapigia wakwe zake Wete kuwapa habari. Kabla hajalifikisha neno, wakaangua kilio, na ikabidi apigiwe mtu mwingine simu aende akawanyamazishe. "Mie nasoma misiba ya watu na sijuti, ni kazi ya heshima," akasema. "Ila kabla sijastaafu, Zuwena, nataka nisome kheri moja. Moja tu, na watu wafurahi." Nilimjibu inshaallah, kama tunavyojibu tukiwa hatujui la kufanya.

Kipindi nikapewa mimi. Msidhani ni kwa uhodari. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ina haraka, lakini ilikuwa haijamzika mtu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu kwa sababu ambayo hakuna semina iliyonifundisha. Habari mbaya huja yenyewe mpaka mlangoni, na karatasi yake mkononi. Habari njema hufichwa. Watu wetu wanaogopa husuda kuliko homa. Aliyevuna karafuu mpaka mikeka ikamshinda atakwambia "tunajikongoja." Mama ambaye mwanawe amerudi daktari atakwambia "yupo yupo tu." Kulikuwa na muuza duka mmoja pale Konde, ameongeza vyumba viwili na friji kubwa, na nilipomtolea kinasa sauti akanishika mkono kama niliyemtolea kisu. "Bi Zuwena, nakuomba kwa Mungu, mie hali yangu mbaya," akasema, na huku nyuma yake mafundi wanapiga bati jipya. Basi ikawa kila Alhamisi sina kitu, nasoma habari za kilimo cha vanila ambazo zilikuwa hazimhusudishi mtu yeyote.

Kidogo kidogo nikajifunza. Nitawaandikia hapa, mchukue mtakalo. Usimuulize mtu habari gani nzuri, atakukatalia. Omba maji ya kunywa. Yakija upesi na baridi ya mtungi, jua bomba liko karibu, na hiyo ni habari ambayo mwaka jana haikuwepo. Tazama watoto wanaotoka skuli: wakiwa wa kike wamezidi kuliko zamani, hiyo nayo ni habari. Kinasa sauti kiweke juu ya kanga iliyokunjwa, kwa sababu watu wetu wakizungumza hupigapiga mkeka, na kila pigo huingia kama bomu. Ukienda pwani, valisha maikrofoni soksi ya mtoto, tena iliyofuliwa. Betri za akiba usiziweke mkoba mmoja na mandazi. Na jambo jema la mtu usilitaje bila ya kusema mashaallah, la sivyo hata ukipewa chai hutapewa mahojiano.

Lakini njia iliyo kubwa kuliko zote sikuigundua mimi. Aliigundua Mzee Shaame, na aliigundua bila ya kutoka kwenye kiti chake.

Ilikuwa alasiri, amemaliza kusoma, tunakunywa chai na mkate wa ufuta kwenye ukumbi wa kituo. Alikuwa amebakisha miezi michache astaafu, na ile kheri yake moja hakuna aliyeitaja tena, kwa kumsitiri. Akaweka kikombe chini.

"Shumba siku hizi hawaniletei wazazi," akasema.

Sikumfahamu. Akanieleza. Miaka ya nyuma, kutoka vijiji vya Shumba, hasa Shumba Viamboni, yalikuwa yakija matangazo ya wanawake waliokufa kwa uzazi, mara mama peke yake, mara mama na kichanga chake. Hayo alikuwa na namna yake ya kuyasoma. Akifika kwenye neno "na mwanawe" alikuwa akiishusha sauti. Sasa, akasema, ni muda mrefu hajaishusha sauti yake kwa Shumba.

Nikamwambia huenda wamehamia redio nyingine. Akatikisa kichwa. Wazee wa Shumba wanaofariki bado wanaletwa kwake, tena juzi amesoma mmoja. Wanaokufa kwa uzee anawasoma. Wanaokufa kwa uzazi hawaji. "Nenda kawaulize wameacha nini," akaniambia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nikiuliza vibaya muda wote ule. Mimi nilikuwa nawauliza watu wamepata nini, na wao wanaficha walichopata. Walichoacha hawakifichi, kwa sababu wengi wao hata hawajui kama wamekiacha. Nikamwambia sitakwenda bila yeye. Alikataa, akisema nikifika naye wataanza kulia. Nikamjibu basi watalia, halafu watanyamaza. Bwana Hamad akatupa gari la kituo, akatuonya tusiingie kijijini kwa kasi.

Shumba Viamboni tuliwakuta wanawake kadhaa wamekaa barazani wanasuka ukili. Mimi niliposhuka waliniitikia salamu vizuri. Aliposhuka Mzee Shaame na kutoa salamu yake, ukili wote ukasimama. Mama mmoja mrefu, mwenye mvi na mikono mikubwa, akainuka. Huyo alikuwa Bi Mkasi, mkunga wao, mtu aliyewapokea nusu ya vijana wa pale.

"Kafa nani?" akauliza Bi Mkasi.

"Hajafa ntu," Mzee Shaame akasema. "Nimekuja kukuulizeni mbona hamfi."

Nilitamani ardhi inifiche. Kisha mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na baraza zima likaangua kicheko. Tukakaribishwa, mkeka ukatandikwa, maji yakaja. Yalikuja upesi, hilo nililiona.

Mzee Shaame akawaeleza kama alivyonieleza mimi, kwamba zamani alikuwa akisoma wazazi wao, na sasa hawasomi, na anataka kujua kwa nini. Bi Mkasi akamwambia mmoja wa wale wanawake, "Kamwite Faki."

Faki alikuwa mvuvi, mtu wa makamo, amefunga kikoi, mikono bado ina magamba ya samaki. Alipomwona mgeni ni nani, alikaa chini mbele yake. Nikawasha kinasa sauti, kisha nikakizima. Kuna mambo ambayo mtu husikiliza kwanza.

Bi Mkasi ndiye aliyeanza. Mke wa kwanza wa Faki, Mwanaisha, alishikwa na utungu Faki akiwa dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali ambako wanaume hukaa wiki nzima na zaidi wakifuata samaki. Bi Mkasi aliona mapema kwamba mtoto amekaa vibaya. Akasema apelekwe hospitali ya Wete. Wazee wa nyumba wakasema mke wa mtu hatolewi nyumbani bila ya ruhusa ya mumewe, na mumewe hayupo. Wakatuma mtu dago. Na hata ingekuwepo ruhusa, magari yote ya abiria yalikuwa yamelala Konde. "Nkasema, nkalia, nkawapigia magoti," Bi Mkasi akasema. "Wakaniambia tumngoje nwenyewe nke." Yule aliyetumwa dago hakumkuta Faki, kwa sababu walikuwa wamehamia ufukwe mwingine. Mwanaisha akafa, na mtoto akafa.

"Mie nilikuwa nakunywa chai," Faki akasema. Alizungumza na mkeka, hakumtazama mtu. "Redio iko juu ya tenga. Nkakusikia wewe, Mzee. Ukalisoma jina lake, la baba yake, la babu yake. Nkasema si yeye, majina yanafanana. Ukalirudia. Ukasema na mwanawe."

Nilimtazama Mzee Shaame. Alikuwa amevua kofia yake ameishika kwa mikono miwili, na nilijua anachokisubiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakisubiri hichohicho. Tulidhani sasa atalaumiwa.

"Nshawahi kutaka kuja kukushukuru," Faki akasema. "Sikujua ntakwambia nini."

Kisha akaeleza. Alirudi akakuta wameshazikwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu katika maisha yake. Akawaambia kwamba ruhusa iliyokuwa ikisubiriwa alikuwa nayo mwenyewe dago, na kule dago haikuwa na kazi yoyote. Angeiacha nyumbani, ingemfaa mwenye kuihitaji. Akasema kila mwenye mke mja mzito, kabla hajapanda chombo, amwendee Bi Mkasi na aseme mbele ya watu wawili: ruhusa yangu nimeiacha kwako. "Nkawaambia," Faki akasema, "asiyetaka, na aje dago akae na redio, asikilize."

Shehe wa msikiti alimuunga mkono palepale, akasema hakuna sheria ya dini inayomtaka mke afe akisubiri mumewe arudi na pweza. Tangu siku ile ikawa ndiyo mila yao. Mwanamume anayetoka bila ya kuacha ruhusa huitwa na wenziwe arudi, na chombo kinamngoja. Na wenye magari nao wakaona haya. Wakakubaliana kwamba kila siku gari moja halilali Konde, linalala Shumba, kwa zamu, na dereva anamwarifu Bi Mkasi amelala nyumba gani. Hakuna mradi uliokuja kuwafundisha, na hakuna bango. Ndiyo maana hatukuwa na habari zao.

"Nilioa tena," Faki akamalizia. "Huyu naye alinizalia kwa shida. Mie nilikuwa dago. Niliporudi nikamkuta na ntoto anamnyonyesha, ananigombeza kwa nini sikuleta samaki wakubwa."

Mzee Shaame alijifuta uso kwa kofia yake, ile nzuri ya kazi ya mkono, na hakujali. Miaka yote alidhani anawaaga wafu tu. Hakujua kwamba sauti yake imemwinua mtu mmoja kule dago, na mtu yule amekiinua kijiji. Mimi nililia waziwazi. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya kutosha kujua kwamba hiyo ndiyo habari, na nyingine zote nilizosoma zilikuwa mazoezi.

Tatizo likawa kuitangaza. Wale wanawake wakakataa mara moja. Wakasema wakisimama redioni waseme Shumba hafi mzazi, basi jicho litawapata na kesho watazika. Nilijaribu kila njia ninayoijua. Nikawaeleza kwamba kuna vijiji vingine ambako mpaka leo ruhusa inakwenda dago, na huko kuna wanawake wanaosubiri. Bi Mkasi akauliza nani ataisoma. Nikamwambia mimi ndiye msomaji wa kheri.

"Hapana," akasema. "Aliyetusomea vifo vyetu ndiye atusomee na hino. Akisema yeye, hatujajisifu. Kila ntu ajua kuwa yeye hasomi kwa maringo."

Wenziwe wakakubali. Mzee Shaame ndiye aliyekataa. Akawakumbusha habari ya Bi Time, majembe, na mchele wa matanga. Akasema akitaja Shumba Viamboni na neno uzazi kwa sauti yake, kisiwa kizima kitatoka na mabuibui, na wavuvi wote walioko dago watarudi wakilia. Alisema hayo kwa utulivu, lakini mimi nilimwona. Kheri aliyoitaka maisha yake yote ilikuwa mbele yake, na aliogopa kuigusa isije ikageuka msiba mkononi mwake.

Bi Mkasi akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayekataa kula. Aliinua kichwa, akaweka ulimi sawasawa, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Wenziwe wakakidaka. Njiani watu wakasimama, watoto wakaja mbio kuuliza nani kazaa.

"Umeona?" Bi Mkasi akasema. "Kuna aliyelia? Tia hivi vigelegele mwanzo, halafu sema utakalo."

Nikaivisha maikrofoni soksi mbili, na bado mshale wa kinasa sauti uligonga mwisho ukakaa hukohuko. Fundi mitambo wetu alinilaumu kwamba nimeleta sauti iliyopasuka. Nikamwambia aiache ilivyopasuka.

Alhamisi ile Bwana Hamad hakukaa. Alikuwa akienda mlangoni na kurudi, akiuliza kama kuna njia ya kuzuia watu wasikodi magari. Mzee Shaame aliingia studio. Vikatangulia vigelegele vya Shumba, virefu, vimepasuka, vizuri. Halafu yeye akaanza, kwa mwendo wake uleule. Akataja Shumba Viamboni. Akamtaja Mwanaisha, jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa idhini ya Faki, kwa sababu alisema huyo ndiye mwenye habari. Akaeleza ruhusa inavyoachwa, na gari linavyolala. Akasema tangu hapo hajaletewa na Shumba mwanamke aliyekufa kwa uzazi, mashaallah, na anamwomba Mungu asiletewe. Alipofika kwenye maneno "mama na mwanawe", pale alipokuwa akishusha sauti siku zote, nilimwona anavuta pumzi, na sauti ikapanda.

Kisha, kwa mazoea, akarudia yote tangu mwanzo.

Hakuna aliyekuja na jembe. Simu ya kituo ilianza kulia kabla hajatoka studio. Waliopiga walikuwa wanawake zaidi, kutoka vijiji ambavyo sikuwahi kuvipatia habari, na walitaka jambo moja, kwamba isomwe tena waume zao wakiwapo. Tuliisoma tena Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka Bwana Hamad akasema inatosha, na wasikilizaji wakamwambia haitoshi. Vijiji gani vimeifuata mila ile mnavijua wenyewe, maana vingine ndiko kwenu. Mzee Shaame akastaafu miezi ile, na matangazo ya vifo yakasomwa na wengine, ambao hawayasomi vibaya.

Wiki niliyoagwa mimi, baada ya keki yenu na hotuba zenu ambazo zilikuwa ndefu kuliko kipindi, nilikwenda kumtembelea. Sasa miguu haimsaidii, lakini sauti iko palepale. Tulikunywa chai. Nikamwambia na mimi nimeshakuwa mtu wa nyumbani, akanipa pole, halafu akanipa hongera, akasema nichague moja. Tukazungumza mpaka karibu na alasiri. Kisha akachukua simu yake, akabonyeza polepole, akaiweka juu ya mkeka ili na mimi nisikie. Akasema anampigia Bi Mkasi, ana siku hajamjulia hali.

Simu ikaita. Akapokea mwanamke mwenye sauti ngeni, nadhani ni mkwe wa Bi Mkasi.

"Assalamu alaykum," akasema Mzee Shaame, kwa sauti ileile nzito, ya taratibu.

Nikamwona Mzee Shaame ameinamisha kichwa, anangoja swali lake la siku zote.

"Wa alaykumu ssalaam, Mzee wetu," yule mwanamke akasema. "Haya, kazaa nani?"